Muuza Kanga na Mteja Asiyekuwepo

Mtu akiingia duka la kanga, mara nyingi hajinunulii. Anamnunulia mama yake, mkwe, wifi, somo wa bintiye, mzazi aliyejifungua juzi, shoga aliyefiwa. Hata anapojinunulia, kichwani mwake yumo jirani fulani ambaye ndiye anayetakiwa kuisoma hiyo kanga akipita. Kwa hiyo muuza kanga ana wateja wawili kwa kila doti, yaani jozi ya kanga. Mmoja kasimama mbele yake na pesa mkononi. Mwingine yuko nyumbani Tandika, au Tanga, au Kigoma, wala hana habari. Wa kwanza ndiye anayelipa. Wa pili ndiye atakayesema kama kilichonunuliwa kilifaa.

Kuna duka moja Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, ambalo napenda kulitazama kuliko ninavyopenda kununua. Mwenye duka ni mama wa makamo, si msemaji sana, na wateja wake wengi humwita shangazi. Duka lenyewe ni jembamba. Wakisimama watu watatu kwenye kaunta, wa nne hungoja barazani. Nje zimening'inizwa kanga zilizokunjwa kwa namna ambayo unaona pindo, kipande cha mji na jina lote, yaani ule msemo ulioandikwa, mwanzo hadi mwisho. Hilo la jina lote limepangwa. Maduka mengi hutundika kanga kwa kufuata rangi, nyekundu kwa nyekundu na kijani kwa kijani, na jina huishia ndani ya mkunjo. Shangazi hutundika kwa jina. Anayepita kwa miguu anasoma, hata aliyekwama kwenye foleni ndani ya daladala anasoma, na wapo wanaosoma wakacheka peke yao. Katika hao, mmoja atarudi.

Siku moja aliingia kijana aliyevaa shati lililonyooka kwa pasi, akaonyesha kidole moja kwa moja doti ya rangi ya maziwa yenye maua ya zambarau. Ilikuwa nzuri kweli. Shangazi akaishusha, ila hakuifungua.

“Inakwenda kwa nani, baba?”

Kijana akasema ni ya mama wa mchumba wake. Jumamosi anakwenda kujitambulisha. Shangazi akaigeuza doti taratibu mpaka jina likamwelekea mteja, akaiacha juu ya kaunta, akainama kama anayetafuta mkasi. Kijana akasoma: “Usisafirie nyota ya mwenzio.” Akasoma tena. Akacheka, akajifuta jasho.

Shangazi angeweza kumwambia tangu mwanzo kwamba hiyo haifai. Angesema kweli, na angemfanya kijana wa watu aonekane mshamba mbele ya akina mama wawili waliokuwa pembeni wakisubiri. Alimwachia asome mwenyewe, na kosa likabaki siri ya kijana na kitambaa. Kisha akamletea nyingine tatu. Ile yenye “Nani kama mama” kijana akaikamata haraka.

“Hiyo ya mama mzazi,” akasema shangazi. “Ukimpa huyu leo atakuona una haraka. Mpe ya dua, au ya wema. Ukishaoa utampa hiyo.”

Kijana akaondoka na “Wema hauozi”, ya kahawia na njano, ambayo kwa macho haikuifikia ile ya maua, na kwa bei pia ilikuwa chini kidogo. Tofauti hiyo dukani haikuingia. Lakini Jumamosi ile, katika nyumba ambayo shangazi hataiona kamwe, hapakuwa na mama aliyefungua zawadi akanuna.

Swali lake ni lile lile kwa kila mtu: inakwenda kwa nani? Haanzi na “unataka ya bei gani”, wala “unataka rangi gani”, ambayo ndiyo maswali ya wauzaji wengi. Nimelifikiria sana jambo hili na naona ana haki. Ukimuuliza mtu bei kwanza, umemtaka afungue pochi yake hadharani. Ukimuuliza rangi, atakutajia rangi anayoipenda yeye, na yeye siye atakayeivaa. Ukimuuliza inakwenda kwa nani, anaanza kusimulia, na ndani ya maneno machache umeshapata bei, rangi na jina bila kuviuliza.

Mzazi? Basi iwe pamba laini, isiyokwaruza ngozi ya mtoto, na ifuliwe kwanza wanga utoke. Msiba? Rangi tulivu, jina la kumtaja Mungu. Bibi harusi wa pwani anayetolewa ndani? Huyo anataka kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hapo hakuna mjadala wa mitindo. Mwanamume mwenye wake wawili hahitaji kueleza mengi. Akitaja tu kwamba ni wawili, shangazi huleta doti mbili zinazofanana kila kitu, mpaka jina, mpaka toleo, na haongezi neno.

Biashara hii yote, ukiifuata mpaka chanzo chake, ilianza kwa mwanamke aliyeshika mkasi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani, Unguja na Mombasa, walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mkononi vilivyokuja vimeshikana kwenye jora. Badala ya kukata kimoja kimoja walichukua sita, wakavigawa vitatu vitatu, wakavishona ubavu kwa ubavu, likapatikana vazi. Hakuna mwenye duka aliyewafundisha. Wenye maduka waliona barabarani, wakaelewa, wakaanza kuagiza ng'ambo kitambaa kimoja kipana kilichochapishwa moja kwa moja kwa ukubwa huo. Mombasa mpaka leo wengi huiita kanga leso. Ukubwa wa leo, kama sentimita 150 kwa 110, mji katikati na pindo kuzunguka pande zote, umetokana na mkasi wa mwanamke yule na jicho la muuzaji aliyekuwa akitazama.

Huko Mombasa ndiko anakotajwa Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara mwaka 1887 na ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla. Kanga zake zilikuwa na alama: K.H.E., Mali ya Abdulla. Yeye ndiye anayesemwa kuwa mwanzilishi wa kutia methali na misemo kwenye kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa Kilatini, na biashara aliyoiacha bado ipo Mombasa. Sijui kama kuna mfanyabiashara wa Afrika Mashariki aliyewahi kupata wazo kubwa kuliko hilo. Tangazo gani jingine mteja hulinunua kwa pesa yake, akalivaa, akalifua, akalianika uani majirani walisome, kisha akamrithisha bintiye? Wahenga wametuachia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kanga iliwapita pembeni wahenga: ni kizuri, na inajitembeza.

Tena ile alama ya Abdulla haikupewa nafasi ya jina. Katikati ya macho ya msomaji lilikaa neno la mvaaji. Abdulla alijua mteja wake hakuja kuitangaza Mali ya Abdulla. Alikuja kumjibu wifi yake. Nawatazama wenye biashara wa leo wanaochapa fulana na kuijaza kifua kizima nembo ya kampuni, namba mbili za simu na sanduku la posta, halafu wakashangaa kuziona zimekuwa matambara ya kufutia pikipiki. Hata kanga za bure za kampeni na maonyesho, mara nyingi, huishia kazi za jikoni. Kuna iliyonusurika: ile iliyotoka baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2008, yenye picha na maneno “Hongera Barack Obama”, ambayo watu waliinunua kwa hiari na wengine wanaihifadhi mpaka leo. Ilinusurika kwa sababu ilisema kitu ambacho mvaaji mwenyewe alitaka kukisema wakati ule.

Na hata kabla ya kanga, pwani yetu ilikuwa shule ngumu kwa wauza nguo. Mkataba wa kibiashara kati ya Marekani na Sultani wa Omani na Zanzibar ulitiwa saini mwaka 1833, na kitambaa cha merikani kutoka viwanda vya Massachusetts kikashika soko mpaka vita vyao wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1861, vilipoyumbisha pamba. Wanunuzi wa bara hawakupokea kila kilicholetwa. Mvumbuzi Stanley, alipokuwa akijiandaa kwa safari yake ya bara ya 1871, ilimbidi akae chini Zanzibar kujifunza ni ushanga upi unakwenda wapi, na akaandika kwamba ushanga mweusi uliokuwa pesa Ugogo haukuwa na thamani kwingine. Mwenye msafara aliyebeba mzigo usiotakiwa, mali ilimdodea mamia ya maili kutoka pwani. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha 2008, ameonyesha jinsi matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalivyofika mpaka Salem na Bombay na kuwabadilishia watu wa viwandani kazi yao. Wapagazi na wake zao walikuwa wateja wasiokuwepo kiwandani, na kiwanda kilichopata faida ni kile kilichopelekewa habari zao na muuzaji mwenye masikio.

Zanzibar, baada ya hali ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki, nguo ya rangi moja ya giza iliyotambulisha unyonge wao, waliingia madukani kuchagua kanga. Mwanahistoria Laura Fair ameliandika hilo vizuri. Kwa mwanamke yule, kuulizwa tu “unapenda ipi?” na mtu aliyesimama upande wa pili wa kaunta kulikuwa jambo jipya. Muuzaji aliyeliuliza kwa heshima alipata mteja wa maisha. Aliyemtupia doti kama anayemtupia kuku punje, sina shaka, alimwona akivuka kwenda duka la jirani.

Nirudi Mtaa wa Uhuru, maana nimesema habari za maneno na sijasema habari za mikono.

Kanga mpya hutoka kiwandani imekakamaa kwa wanga. Wanga huo huficha mengi; kitambaa chepesi kikipigwa wanga wa kutosha hujifanya kizito. Shangazi anaposhusha doti kwa mteja asiyeijua kanga, hushika pembe moja, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka pale mahali pakalainika, kisha hukiinua kipande hicho kwenye mwanga wa mlangoni. Mteja anaona nyuzi zilivyosukwa, kama zimebanana au zina mapengo ya kupitisha upepo. Halafu huchovya ncha ya kidole kwenye kikombe cha maji kilicho pembeni, akagusa kitambaa. Kwenye pamba tupu tone hunywewa papo hapo na kuacha doa jeusi. Kwenye kanga ya polista tone huketi juu likitafakari. Hasemi “hii ni feki”. Anasema, “Hii inakauka haraka, haihitaji pasi, lakini kwa joto la hapa itakufukiza. Hii nyingine inakunywa jasho. Bei ndiyo hiyo unayoiona.” Mteja anachagua akijua anachochagua, na wapo wanaochagua polista, na hawadharauliwi.

Likija suala la kuchuja rangi, husema kabla hajaulizwa. “Hii nyekundu itatoa rangi mara ya kwanza. Iloweke peke yake, maji ya baridi na chumvi, uianike kivulini.” Niliwahi kudhani maneno hayo yatamkimbiza mnunuzi. Sijaona aliyekimbia. Anayeuza anapokwambia kasoro ya bidhaa yake mwenyewe, yote mengine anayokwambia baada ya hapo unayaamini. Na kuna hesabu nyingine: mama atakayeifua kanga hiyo pamoja na kanzu nyeupe ya mumewe hatailaumu rangi, atalilaumu duka, na atalitaja kwa jina kwenye kila shughuli atakayohudhuria mwaka mzima.

Makosa ya uchapaji nayo hayafichwi. Wanunuzi wa kanga wanajua kwamba herufi huruka, neno hugawanyika pasipofaa, methali huja imepinda. Kanga kama hizo shangazi huzitundika peke yake upande wa kushoto, bei chini, na humwonyesha mteja herufi iliyokosekana. Huisha haraka kuliko nzima. Watu wa kufungia mizigo na kulalia hawana shida na herufi.

Kisha kukata. Doti huja ikiwa kipande kimoja, kanga mbili zimeshikana, na lazima zitenganishwe kwa mkasi kabla ya fundi wa barazani kupinda ncha kwa cherehani. Ukikata ovyo, kanga moja itabaki na pindo nene na nyenzake na pindo la kukonda, na mvaaji atakapojifunga jina litapanda upande mmoja. Shangazi huikunja doti katikati, huoanisha pindo na pindo, hulaza kiganja juu yake kutoa hewa, na mkasi wake huteleza bila kufungua na kufunga. Kabla ya hapo, lakini, huuliza: “Nikate, au ni zawadi?” Wengi hutaka zawadi ifike ikiwa doti nzima. Wapo pia mashoga wanaokuja wawili, wakachangia doti moja, kila mmoja akaondoka na kanga yake. Hao huwakatia mbele yao na kuwaacha wachague nani achukue ipi, ingawa zote mbili ni sawa.

Ila ukitaka kumpima muuza kanga yeyote, mtazame wakati wa kukunja. Mteja amefunguliwa doti kumi na tano. Amezishika zote, ameuliza bei za zote, amepiga simu kwa dada yake Morogoro kumwelezea tatu kati yake, halafu akasema, “Ngoja nizunguke kidogo.” Kaunta imejaa kilima cha nguo. Hapo ndipo wengi huvuta mdomo, au husema lile neno la chini chini ambalo mteja husikia akiwa hatua mbili nje ya mlango. Shangazi husema, “Zunguka, mwanangu, jua bado liko juu,” na huanza kukunja: pindo juu, kushoto, kulia, jina nje, bamba kwa kiganja, weka. Anakunja kwa mwendo ule ule aliokuwa nao wakati wa kufungua. Yule aliyezunguka akirudi, na wengi hurudi, hukuta kila kitu kimekaa kama vile hakuwahi kumsumbua mtu.

Kuna maduka yamebandika ukutani “Mteja ni mfalme”, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, “Mali ikishauzwa hairudishwi”. Kwa shangazi hakuna bango hata moja kati ya hayo. Kipo kiti. Bibi akiingia, kijana wa dukani hukisogeza kabla bibi hajafika kwenye kaunta.

Utajiri hasa wa biashara hii siku hizi uko kwenye sare. Harusi, kitchen party, arobaini, hitma, kikundi cha kufa na kuzikana: watu ishirini, thelathini, hamsini wanataka doti moja inayofanana. Anayetumwa kununua huja na idadi aliyoandikiwa kwenye simu, na idadi hiyo si kweli. Wanaopanga shughuli wote wanajua kwamba watu wa sare huongezeka. Mtu wa mwisho atakumbukwa siku tatu kabla ya shughuli, naye atakuwa shangazi wa bwana harusi, ambaye akikosa sare ukoo hautalala.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tunavyosema, na wengi hulielewa hilo kuwa ni habari ya madeni. Daftari la shangazi lina madeni, ndiyo, lakini kurasa nyingi zina vipande vidogo vya kanga vilivyobanwa kwa pini. Pembeni ya kila kipande kuna jina la kanga, idadi iliyochukuliwa, aina ya shughuli na tarehe yake. Mtu akichukua doti ishirini za sare, yeye huweka kando nyingine tatu au nne, huzifunga kwa kamba, na haziuzi mpaka tarehe ile ipite. Yule mama akirudi akihema, “Shangazi, tumeongezeka,” kamba inafunguliwa. Wakati mwingine harudi mtu, na zile nne zimeshachelewa kuuzwa wakati mtindo mpya umeingia. Zinadoda. Nilimuuliza kama haoni hiyo ni hasara. Akasema anaiona, na amekwisha kuiweka kwenye bei.

Jibu hilo nalipenda kwa ukavu wake. Watu wakisifia huduma nzuri kwa wateja huzungumza kana kwamba ni tabia ya moyo tu, tabasamu na “karibu sana”. Kwake ni gharama yenye hesabu kama ya umeme na pango.

Hatua chache kutoka hapo ni Kariakoo, na Kariakoo ina mawinga, vijana wasio na duka wanaomkamata mteja njiani, wakamzungusha, wakamtafutia anachotaka na kujipatia cha juu. Wenye maduka wengine huwafukuza, wengine huwaachia wamchune mteja. Shangazi ana utaratibu wake: winga akileta mtu, bei kwa mteja ni ile ile ya kila siku, na winga hupewa chake kutoka kwenye faida ya duka. Winga asiyetaka hivyo haji. Waliobaki ni wachache, na nimewasikia wakiwaambia wateja kule nje, “Twende kwa shangazi, kule hupigwi.” Hilo ni tangazo, na shangazi kalilipia.

Kwenye simu ni bintiye anayeshughulika. Kila mzigo mpya ukiingia, huutoa mlangoni asubuhi jua likiwa laini, akautandaza, akapiga picha jina likisomeka, akaweka kwenye status ya WhatsApp pamoja na bei. Pamoja na bei, narudia, kwa sababu tumekuwa taifa la “bei njoo DM”. Sijaelewa bado ni nani aliyewafundisha wauzaji wetu kuficha bei kama siri ya ndoa. Anayeona aibu kuuliza hataulizia, na anayeuliza anaanza mazungumzo akiwa tayari na wasiwasi kwamba atakadiriwa kwa picha yake ya wasifu. Binti huyu huandika bei, huandika pamba au polista, na huandika zimebaki ngapi. Mteja wa Songea akituma ujumbe kwamba anaitaka ile ya bluu, hurudishiwa sauti fupi ya mama mtu mwenyewe: “Asante, mwanangu. Inakwenda kwa nani?” Kisha hupigiwa picha kifurushi, na picha ya risiti ya basi, na namba ya mtu wa kupokea. Kikichelewa njiani, wao ndio hupiga simu kwanza.

Kuhusu mali yenyewe, zamani kanga zilikuwa zinakuja kutoka India, Uingereza, Uholanzi na Japani. Kisha tukawa na vyetu, Urafiki tangu 1968, na viwanda vingine vya Dar es Salaam baadaye, na India haijawahi kuondoka sokoni. Shangazi hana ubaguzi wa kiwanda. Ana ubaguzi wa majina. Mzigo ukija na majina ya matusi yaliyofunikwa kidogo, huchukua machache, kwa sababu yana wanunuzi wake na hataki kuwahukumu, lakini hayatundiki nje. Anayeyataka ataulizia. Na akiulizia, huulizwa swali lile lile kama kila mtu, na nimeona mara kadhaa mtu aliyeingia akiwa amekasirika akaanza kueleza inakwenda kwa nani, akaeleza mpaka hasira ikapungua, akatoka na jina la upole zaidi. Sina uhakika kama hiyo bado ni biashara ya nguo.

Ukitaka kwenda, nenda asubuhi, kabla wanunuzi wa jumla kutoka mikoani hawajajaza baraza. Usianze na bei. Sema inakwenda kwa nani, kisha nyamaza umwachie kazi yake. Na akikwambia unachotaka hana, ila kipo duka la tatu mkono wa kushoto, nenda huko moja kwa moja, kitakuwepo.